Kutoka Bombay Hadi Magongo: Karibu Miaka Mia ya Kurekodi Muziki wa Mombasa

Kwa miongo mingi, mwanamuziki wa Mombasa aliyetaka sauti yake ikae kwenye santuri hakuwa na budi kupita Changamwe. Hakuwa na shughuli hapo, alikuwa njiani tu. Ukivuka Makupa kutoka kisiwani, reli, barabara kuu ya Nairobi na uwanja wa ndege wa Port Reitz vyote viko upande ule, na mitambo ya kurekodi ilikuwa Nairobi. Magitaa yakifungwa, ngoma zikipangwa chini ya viti, garimoshi la usiku lilipanda polepole kupitia Changamwe, Miritini na Mazeras, na asubuhi bendi ilishuka kwenye mji wa baridi kwenda kuimba nyimbo za pwani mbele ya maikrofoni ya watu wengine.

Siku hizi mambo yamegeuka. Magongo, Chaani na Port Reitz kuna vyumba vya kupanga vilivyofanywa studio, na kijana wa mtaa wa pili anaweza kuingia jioni, akaingiza sauti, akatoka na wimbo ndani ya simu yake kabla watu hawajalala. Kati ya garimoshi lile na chumba hiki muziki wa Mombasa umepata heri nyingi na hasara nyingi, na sehemu kubwa ya hayo yote inaelezeka ukiuliza swali moja: mashine ilikuwa wapi, na ilikuwa ya nani?

Mwanzoni ilikuwa ng'ambo ya bahari. Machi 1928 kampuni ya His Master's Voice (HMV) iliwapeleka Bombay Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja, wakarekodi nyimbo za Kiswahili zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuuzwa kibiashara kwa lugha hii. Katika kundi la Siti alikuwamo Maalim Mbaruk Effandi Talsam, mpiga udi asiyeona, mzaliwa wa Mombasa. Sifa zote zilikwenda Unguja, na Unguja ilizistahili, lakini mtoto wa Mvita naye alikuwa na mkono wake katika jambo hilo tangu siku za awali.

Kazi yenyewe haikuwa na huruma. Maikrofoni za umeme zilikuwa mpya, zimeanza kutumika miaka mitatu tu nyuma yake. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Taarabu iliyokuwa ikipigwa barazani usiku kucha, mwimbaji akirudia ubeti kadiri hadhira inavyomtaka, ilibidi ikatwe ienee humo. Aliyekosea alianza upya. Hata hivyo santuri ziliporudi pwani zilinunuliwa kwa kasi ambayo wenye kampuni hawakuitarajia: kufikia 1931 mauzo yalikadiriwa kufika nakala 72,000. Si kila mnunuzi alikuwa na gramafoni yake. Mwenye nayo alikuwa akisikilizisha mtaa mzima.

Baada ya hapo makampuni mengine, Columbia na Odeon yakiwamo, yakaona kuna soko. Kwa upande wa pili bandari ilikuwa ikileta santuri za watu wengine. Tangu 1933 HMV ilikuwa ikitoa mfululizo wa GV, muziki wa Kuba kwa wingi, na santuri hizo zikasambaa kote Afrika. Kijana mmoja wa Morogoro, Salum Abdallah, alizipenda kiasi cha kutoroka nyumbani na kufika hadi Mombasa akitafuta meli ya kumpeleka Kuba. Meli hakuipata. Alirudi Morogoro akaunda bendi ya Cuban Marimba, na Mombasa aliyoijia kutafuta njia ya kutokea ikaja kuwa, miaka kadhaa baadaye, mji wa chapa iliyotoa baadhi ya santuri zake. Hilo tutalifikia.

Katika kuwa na studio yake yenyewe, Afrika Kusini ilitangulia. Eric Gallo alikuwa na studio yake Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa kampuni yake ndiko Solomon Linda alikorekodi «Mbube» mwaka 1939, akalipwa shilingi chache, huku wimbo ukienda kuzunguka dunia na kuwatajirisha watu ambao Linda hakuwahi kuwaona. Afrika Mashariki ilingoja hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo studio za kudumu zikapatikana, na zilipopatikana zikawekwa Nairobi, karibu na serikali na matajiri wake. Chapa ya Jambo ilianzia huko. Mtayarishaji wa muziki Peter Colmore alifanya kazi zake huko. Kiwanda cha East African Records cha kuchapa santuri kilijengwa huko.

Anayestahili kukumbukwa zaidi katika kipindi hiki ni Fundi Konde. Alizaliwa 1924 upande wa Kilifi, akaingia jeshini wakati wa vita, akawa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Asia. Aliporudi alikuwa mpiga gitaa wa kisasa, na nyimbo zake, «Tausi» ikiwa mojawapo, zilimpa jina nchi nzima. Lakini kuna jambo lake ambalo halisemwi vya kutosha: alihamia pia upande wa pili wa kioo, akafanya kazi ya fundi mitambo wa kurekodi Nairobi. Mtoto wa pwani alikaa kwenye kiti ambacho mpaka hapo kilikuwa cha Mzungu au Mhindi, akawa ndiye anayewaambia wengine wasogee karibu na maikrofoni au warudi nyuma. Enzi hizo hapakuwa na njia ya kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Usawa wa sauti ulipatikana kwa miguu: mpiga tarumbeta anasimama mbali, mwimbaji anakaribia, ngoma inawekwa pembeni, na fundi anasikiliza kwa masikio yake mpaka vitu vyote vikae mahali pake. Ndipo anawasha mashine.

Kisa cha «Malaika» kinaonyesha nguvu za mwenye mashine. Fadhili William, mzaliwa wa Taveta, aliurekodi wimbo huo karibu na 1960 kwa kampuni ambayo Charles Worrod aliiendesha na ambayo studio yake ilijulikana kama Equator. Wimbo ulipotoka nje, akauimba Miriam Makeba wa Afrika Kusini, naye akaurekodi pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Boney M nao wakauchukua baadaye. Fadhili alishikilia hadi kifo chake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake. Wapo waliosema ni wa Adam Salim. Pwani wapo wanaoapa mpaka leo kwamba ulianza kwa Lucas Tututu wa Mombasa. Ubishi huo hautaisha hapa. Lakini kilichoamua mambo ya fedha ni nani aliingia studio na jina gani liliandikwa kwenye kibandiko cha santuri, hata kama wimbo ulikuwa ukiimbwa mitaani miaka mingi nyuma.

Mombasa nayo ilipata mfanyabiashara wake. Assanand & Sons walikuwa na duka la muziki kisiwani, na wakaanzisha chapa yao wenyewe wakaiita Mzuri. Ni vigumu kuieleza taarabu ya Kenya ya miaka ya 1950 na 1960 bila kuitaja chapa hii. Ndiyo iliyomtoa Yaseen Mohamed na kundi lake. Matano Juma na Morning Star Orchestra walikuwa nyota wa kizazi hichohicho, wakichanganya ala za zamani na kinanda cha umeme. Na Mzuri haikuishia kwenye taarabu, maana muziki wa dansi ulikuwa na wanunuzi wengi zaidi, na hapa ndipo Salum Abdallah na Cuban Marimba yake walipopata nafasi.

Tofauti kati ya Mzuri na makampuni ya Nairobi ilikuwa ukaribu. Mwenye duka aliwajua wateja wake kwa sura. Aliona ni santuri gani inaombwa na mabaharia, ipi inanunuliwa na kina mama kwa ajili ya harusi, ipi inakaa rafuni ikishika vumbi. Mombasa ya wakati ule ilikuwa imejaa filamu za Kihindi, na mtunzi aliyetoka sinema Jumamosi akiwa na lahani kichwani angeweza kuivika mashairi ya Kiswahili na kuimba wiki ileile. Yaseen alifanya hivyo. Aliyefika mbali zaidi kwa njia hiyo ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye sauti yake iliweza kupanda na kushuka kama waimbaji wa Bombay huku maneno yakiwa ya Kimvita kitupu. Ndugu yake wa ukoo, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa «Malenga wa Mvita», alikuwa miongoni mwa waliomtungia. Kwa hiyo nyuma ya mashine palikuwa na ushairi wa karne nyingi, na mbele yake palikuwa na lahani ya filamu ya mwezi uliopita, na Mombasa haikuona ubaya wowote.

Wapo wataalamu waliolalamika kwamba taarabu ya Mombasa iliiga India kupita kiasi. Hoja hiyo haina nguvu ukisikiliza santuri zenyewe. Taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, iliingia Mombasa kupitia biashara hiyohiyo ya bandari na ikawa ala ya pwani kiasi kwamba makundi ya Zuhura Swaleh na Maulidi Juma hayafikiriki bila ule mlio wake mkali. Upande mwingine alikuwapo Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu, aliyebaki na udi na maqamu za Kiarabu, akiimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Mji mmoja ulibeba njia zote hizo. Redio nayo ilisaidia: Sauti ya Mvita, kituo cha Mombasa cha enzi za ukoloni, kilirusha taarabu hewani, na mtu asiyekuwa na senti ya kununua santuri alisikia bure.

Mwaka 1983 John Storm Roberts alikusanya santuri za enzi hii akazitoa Marekani kwa jina «Songs the Swahili Sing». Wageni wengi walioijua taarabu ya Kenya waliijua kwa albamu hiyo.

Hayo yote yalikuwa ya kisiwani. Changamwe ilikuwa ikikua kwa njia nyingine. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi 1963, reli ilikuwa na watu wake, maghala yaliongezeka, na wafanyakazi wakaja kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Taita. Walikuja na masikio yao. Mtu aliyemaliza zamu ya usiku Changamwe na kuingia baa ya Magongo Jumamosi alitaka rumba, alitaka benga, alitaka gitaa tatu zinazojibizana. Muziki wa dansi wa Mombasa bara ulikuwa wa watu hawa, pamoja na wenyeji wa Kimijikenda na ndugu wa kutoka Tanga waliovuka mpaka kutafuta riziki.

Miongoni mwa hao wa Tanga walikuwa Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George. Walifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na hapo ndipo Simba Wanyika ilipoiva. LP yao ya kwanza, «Jiburudisheni na Simba Wanyika», ilitoka 1974 kwa Polygram. Mwaka uliofuata walihamia Nairobi. Mpangilio huo wa tarehe unasema mengi: bendi inalelewa na Mombasa, inapata jina kwa kampuni ya Nairobi, kisha inafuata mashine ilipo.

Ndugu wa ukoo wa Harrison walifuata njia hiyohiyo. Them Mushrooms ilianzia Mombasa mwaka 1972, na riziki yake ikawa kwenye hoteli za kitalii. Ndege za watalii zilikuwa zikitua Port Reitz moja baada ya nyingine, na kila mgeni alitaka arudi kwao na neno moja la Kiswahili. Teddy Kalanda Harrison akatunga «Jambo Bwana», wimbo wa kuwakaribisha wageni. Polygram waliurekodi Nairobi mwaka 1980, nao ukauza zaidi ya nakala 200,000, idadi ambayo ni nadra kwa santuri ya Kenya. Mwaka 1983 Boney M wakatoa toleo lao. Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi. Mombasa Roots nao, waliochukua mapigo ya chakacha ya wanawake wa pwani wakayaingiza kwenye gitaa na sinthesaiza, walitegemea makampuni ya Nairobi santuri zao ziuzwe.

Ni haki kuuliza kwa nini hakuna mtu aliyejenga studio kubwa Mombasa wakati wa neema hiyo ya utalii. Fedha zilikuwapo. Wasikilizaji walikuwapo. Jibu moja ni kiwanda: santuri zilichapwa Nairobi, na aliyekuwa na kiwanda alitaka studio iwe karibu. Jibu jingine ni kwamba hoteli zililipa mishahara ya kila mwezi, na bendi yenye mshahara haikimbilii kuhangaika na mambo ya kampuni. Lakini kulikuwa na sababu ya tatu, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Mombasa ilikuwa imepata njia yake nyingine ya kurekodi, ambayo haikuhitaji kiwanda wala ruhusa ya mtu.

Njia hiyo ni kaseti.

Philips walikuwa wameitoa kaseti mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 ikaenea pwani yote. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, Mbwana Radio Service ikawa jina linalojulikana na kila mpenda taarabu. Kwa maduka ya namna hii biashara ilikuwa rahisi kuieleza: palikuwa na kanda mama, palikuwa na mashine za kunakili, na mteja alikuja na ombi. Anataka Bhalo, nyimbo zile za juzi. Anataka Zein, lakini zile zenye mashairi ya Nabhany. Muuzaji anaweka kanda tupu, anabonyeza, anaandika jina kwa kalamu kwenye karatasi ya kasha. Ukomo wa dakika tatu ukavunjika. Upande mmoja wa kaseti ulibeba dakika thelathini au zaidi, na taarabu ikarudi kwenye urefu wake wa asili, mwimbaji akirudia, fidla ikichukua nafasi yake, beti zote zikaimbwa.

Na hapo mashine ikahamia harusini. Usiku wa wanawake, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba na nyumba Majengo au Kibokoni, kinasa sauti kiliunganishwa na vyombo au kikawekwa tu mbele ya spika. Maulidi anaimba, Zuhura anaimba, Malika anaimba. Wanawake wanainuka kwa zamu kwenda kutunza, noti mkononi, wakicheza polepole kuelekea kwa mwimbaji, na kila mmoja anaenda kwenye ubeti unaomgusa, kwa sababu ubeti ule ni ujumbe kwa mtu aliyekaa humo humo. Kanda inanasa vyote: vigelegele vinavyofunika nusu ya mstari, mtoto anayelia, mwimbaji anayetabasamu katikati ya neno baada ya kuona nani kainuka. Studio ya Nairobi ingeyaondoa haya yote iyaite makelele. Kwa kipimo cha sikio la mwandishi wa makala haya, kanda za harusi za miaka ya 1980 ndizo rekodi bora kuwahi kufanywa Mombasa, pamoja na mivumo yake yote, kwa sababu mwimbaji alikuwa na watu wake mbele yake.

Kanda hizo zilisafiri bila idara yoyote ya mauzo. Mabaharia walizibeba. Vijana walioenda kufanya kazi Dubai, Muskat na Jeddah walizitia mkobani, na huko zikanakiliwa tena. Kila nakala ilipungua sauti kidogo. Waimbaji walipungukiwa zaidi, kwa sababu ukiacha malipo ya usiku wenyewe na kile kidogo cha mwenye duka, nakala ya pili hadi ya elfu moja hazikuwaletea kitu.

London nayo ilikuja kusikiliza. Kampuni ya GlobeStyle ilirekodi Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 ikatoa «Mombasa Wedding Special» ya Maulidi na kundi lake pamoja na «The Style of Mombasa» ya Zein. «Jino la Pembe» ya Zuhura Swaleh ilifuata 1992. Katika albamu hizi kila kamba ya udi inasikika, taishokoto imetulia mahali pake, tabla iko wazi. Wenyeji walizistahi. Ila mama wa Majengo aliyetaka kukumbuka harusi ya mwanawe alirudi kwenye kaseti.

Kaseti iliyowanufaisha wasikilizaji ndiyo iliyochangia kuyaua makampuni. Nakala haramu zilijaa kila stendi ya matatu, uchumi ukabana, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 makampuni makubwa ya nje yalikuwa yakifunga shughuli zao Kenya au yamekwisha kuondoka. Kwa bendi za dansi huo ulikuwa msiba. Wanamuziki waliozoea kupanda garimoshi kwenda kurekodi hawakuwa tena na mahali pa kushukia.

Kizazi kilichofuata hakikuwa na bendi. Kilikuwa na maneno. Mombasa ya miaka ya 1990 ilizaa Ukoo Flani, kundi la vijana wa kufokafoka waliolifanya jina lao kuwa kifupisho cha sentensi nzima: Upendo Kote Olewenu Ombeni Funzo La Aliyetuumba Njia Iwepo. Walipounganika na Mau Mau Camp wa Dandora, Nairobi, wakawa moja ya makundi makubwa ya hiphopu Afrika Mashariki. Lakini tazama tena ramani: ili wasikike nchi nzima, vijana wa Mombasa walilazimika kwenda Nairobi, safari ileile ya Simba Wanyika na Them Mushrooms, isipokuwa sasa kwa basi.

Kompyuta ndiyo iliyokata safari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Andrew Burchell alikuwa na studio Mombasa iliyoitwa Jikoni, na humo akaingia Mwanaisha Abdalla, binti aliyewahi kufanya kazi za ndani, ambaye Kenya inamjua kwa jina la Nyota Ndogo. Albamu yake «Chereko» ilitoka 2003. Ilikuwa na sauti ya pwani, Kiswahili cha pwani, na haikwenda kuomba kibali Nairobi kabla ya kuzaliwa. Wakati huohuo redio za Mombasa zilikuwa zikiongezeka, Baraka FM, Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam, na saa ishirini na nne za kujaza hewani zilihitaji nyimbo. Prodyuza akajua kwamba wimbo uliomalizika leo unaweza kuchezwa kesho kutwa umbali wa kilomita tano.

Hapo ndipo Changamwe ikaacha kuwa njia. Kodi ya chumba upande wa bara ni nafuu kuliko kisiwani, na vijana wenye kuimba wanaishi huko. Chumba cha studio mtaani hakina siri kubwa. Godoro limesimamishwa ukutani, au trei za mayai zimegandishwa mpaka darini. Pazia zito linatenga kona ya kuimbia. Maikrofoni moja nzuri, ile inayonunuliwa kwa kujinyima miezi, imekingwa kwa soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa mviringo ili herufi p isipasue spika. Kompyuta ina FL Studio au Cubase. Feni inazimwa mwimbaji anapoingia, na joto la Mombasa linapanda humo ndani mpaka fulana inaganda mgongoni.

Adui mkubwa ni kelele. Magari ya mizigo yatokayo bandarini yanakwenda Magongo na Miritini mchana kutwa, na ndege zinashuka Port Reitz juu ya mapaa. Kwa hiyo sauti nyingi huingizwa usiku. Biti hutengenezwa mchana, mwimbaji huja baada ya isha. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, wote wanatoka nje kupunga upepo na kungoja.

Kinachorekodiwa humo ni mchanganyiko ambao kampuni ya zamani isingeukubali chini ya paa moja. Siku moja kwaya ya kanisa inakuja kurekodi nyimbo za injili, maana wakazi wa Changamwe waliotoka bara wamejenga makanisa mengi. Siku nyingine madrasa inaleta watoto wa kuimba kaswida. Halafu ni zamu ya bongofleva na rapu. Karibu na uchaguzi wagombea huagiza nyimbo za kampeni, na hizo hulipwa taslimu na kwa haraka, tofauti na wimbo wa msanii mchanga anayelipa nusu na kuahidi nusu. Prodyuza ni fundi mitambo, ni mpiga kinanda, ni mshauri wa maneno, na mara nyingine ni mdhamini.

Swali la mwenye mali halijaondoka. Kenya ilipitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ikafuata kuisimamia. Safaricom walipoanzisha Skiza mwaka 2009, mlio wa kumngojesha mpigaji simu ukawa kwa wasanii wengi chanzo cha fedha cha uhakika kuliko uuzaji wa CD, hata kama mgao wake umelalamikiwa miaka nenda miaka rudi. Lakini studio za mtaani bado hufanya mapatano kwa mdomo. Biti ni ya nani, ya aliyeitengeneza au ya aliyeilipia? Kiitikio alichobuni prodyuza saa saba za usiku kinahesabiwaje? Maswali haya huulizwa wimbo ukishapata jina, wakati ambapo kila mtu anakumbuka lake.

Liko pia suala la kuhifadhi, na hapa hali inatia uchungu. Diski ya kompyuta ikijaa, miradi ya zamani inafutwa ili mipya ipate nafasi. Kilichobaki cha wimbo ni faili moja lililobanwa kwenye simu za watu, bila njia ya kutenganisha sauti na ala. Kaseti za miaka ya 1970 na 1980 zinaliwa na joto na unyevu wa pwani. Juma Bhalo alifariki Aprili 2014, Zein l'Abdin akafuata 2016, na sehemu ya walichoimba haikuwahi kutoka kwenye kanda za harusi za familia za watu.

Mombasa ina taasisi ya utafiti wa Waswahili, RISSEA, chini ya Makumbusho ya Taifa, yenye uzoefu wa kutunza miswada na simulizi. Ina shirika la utangazaji la KBC. Ina maprodyuza vijana wa Magongo na Chaani wanaojua kusafisha mvumo kwenye sauti kuliko mtu mwingine yeyote mjini, na ambao mchana, wakati magari ya bandarini yanapowazuia kurekodi, wana saa za kutosha. Kazi ya kuanzia haihitaji jengo jipya. Inahitaji mashine mbili tatu za kuchezea kaseti zilizo nzima, malipo ya haki kwa vijana hao, na watu wa kupita nyumba kwa nyumba Mji wa Kale, Majengo, Likoni na Changamwe wakiuliza nani bado ana kanda za Bhalo, za Zuhura, za Maulidi, na kama atakubali ziazimwe kwa wiki moja.